Mhariri wa Jela

Palayamkottai,
3 Juni 1972

Kwako Dada yangu mheshimiwa, Ulagammal,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla sijaendelea naomba radhi. Ni miezi kumi na minne tangu uliposimama nje ya lango la kanisa siku tulipomzika mke wangu Jebamani, nami sijakuandikia hata mstari mmoja wa kukushukuru. Sina udhuru wa kutosha. Niseme tu kwamba kila nilipoketi kuandika nilijikuta nageuka kumwuliza yeye leo ni tarehe ngapi, kisha kalamu naiweka chini. Tafadhali zipokee shukrani hizi zilizochelewa.

Hali yangu si mbaya. Magoti yanalalamika, meno yamebaki sita, na binti yangu aliyeko Madurai hunitumia dawa ya kikohozi ambayo nainywa kwa utiifu bila kuona faida yake. Wewe je, hujambo? Na kaka yako Nellaiyappan, macho yake yamefikia wapi? Nasikia sasa haoni hata uso wa mtu aliyeketi mbele yake, na bado anakataa kupasuliwa mtoto wa jicho.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya hatimaye niandike, nalo linaniaibisha.

Wiki tatu zilizopita walinijia walimu watatu wa Kamati ya Miaka Ishirini na Mitano ya Uhuru wa India. Wanakusanya makala zote za Mpita Njia, zile arobaini na moja tulizochapa katika gazeti letu la Kengele, ili wazitoe kitabu kimoja tarehe kumi na tano Agosti. Juu ya jalada hawataki jina la kubuni. Wanataka jina la kweli la mwandishi. Na jina hilo, kwa ujuzi wao, ni langu.

Msemaji wao, Bwana Thanikachalam, aligusa miguu yangu kabla sijaweza kuirudisha nyuma. Akasema, "Mzee wetu, kalamu yako ndiyo iliyomtoa Mwingereza jasho."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa mhariri tu."

Akawageukia wenzake. "Mnaona? Watu wa zamani walikuwa hivi. Siku hizi mtu akitunga ubeti mmoja anataka barabara iitwe kwa jina lake!"

Wakacheka, nami nikashikwa na kikohozi. Nilipomaliza kukohoa walikuwa wameshaandika kila kitu katika daftari lao, wakaniaga.

Dada, unajua jinsi ilivyokuwa. Sheria ya Mwingereza ilitaka kila gazeti liandikishe jina la mtu mmoja wa kukamatwa. Magazeti mengine yalikuwa na wahariri watano wakisubiri zamu zao. Sisi tulikuwa na mmoja. Nilikuwa mwalimu wa misheni, nina sura ya utulivu na mwandiko safi, na sikuweza kuandika makala moja yenye moto. Wewe ulikuwa mjane wa miaka ishirini na sita usiyeruhusiwa kuvuka kizingiti. Jebamani alikuja nyumbani kwenu kila Jumanne kufundisha wanawake kusoma, na alipoondoka mfuko wake wa vitabu vya nyimbo ulikuwa mzito kuliko alipoingia. Wafungwa wenzangu waliniita "mhariri wa jela," na jina hilo lilinistahili. Nilikaa gerezani Tiruchi miezi kumi na minane kwa maneno yako, na hilo silijutii. Ila tangu siku ile nimeheshimiwa pia kwa maneno yako, na hilo limeniwia zito kuliko gereza.

Naomba ruhusa yako, Dada. Siku ya sherehe nisimame niseme ni nani aliyeandika. Jebamani aliniomba nifanye hivyo mwaka wake wa mwisho. Nikamwambia kesho. Unajua nilivyo.

Barua hii naiweka posta mimi mwenyewe.

Kaka yako katika mambo yote ila damu,
Vedamanikam

---

Sevalkulam,
19 Juni 1972

Kaka Vedamanikam,

Salamu zako zimefika, na udhuru wako pia, mrefu kama kawaida. Mimi ni mzima. Mgongo umepinda lakini bado unabeba ndoo. Mvua haijaja, kisima kina matope, mbuzi mmoja amekufa. Haya, salamu zimekwisha.

Miaka arobaini na moja, Mwalimu! Miaka arobaini na moja hukuuliza, na leo unaniomba ruhusa kama mtoto wa shule anayetaka kwenda chooni.

Sikukasirikii. Nimecheka kwanza, kisha nikakaa kwenye jiwe la kufulia nikachoka ghafla, kama mtu aliyebeba mzigo akaambiwa kwamba kumbe angeweza kuutua njiani. Usidhani silitaki jina langu. Nalitaka. Kila mara mtu alipokusifu mbele yangu nililitaka. Mwaka ule uliporudi kutoka gerezani, wakakuvisha mashada ya maua mpaka shingo haionekani, mimi nilikuwa nyuma ya dirisha la ghala nikihesabu makosa ya chapa katika makala yangu. Yalikuwa saba.

Lakini jibu ni hapana, na sasa nitakuambia kwa nini, kwa sababu hili hata Jebamani sikumwambia.

Unaikumbuka makala ya tisa, Mungu Aliyegeuzwa Ukutani. Ndiyo iliyokufunga, kwa kuwa ushuru wa tembo ulikuwa wa Mwingereza. Ilimhusu mwenye kilabu cha tembo ambaye kila jioni, kabla ya kufungua mlango, huigeuza picha ya Murugan itazame ukuta, ili Mungu asione wanaume wakinywa chakula cha watoto wao. Hukuniuliza niliipata wapi habari hiyo. Niliipata kwa ufagio. Mimi ndiye niliyefagia kilabu kile, kilichokuwa ubavuni mwa nyumba yetu, kila asubuhi na kuirudisha picha ilivyokuwa. Mwenye kilabu alikuwa kaka yangu wa tumbo moja.

Sikutaja jina lake wala kijiji. Nilidhani inatosha. Lakini wanywaji walikuwa wakiuona mgongo wa picha ile kila jioni, wakaelewa. Siku tatu baadaye wanawake walipanga mstari mbele ya kilabu, kila mmoja na picha yake ya Murugan, wote wameigeuza imtazame yeye. Hakuna aliyetukana. Walisimama tu. Watoto wakawa wanatembea kinyumenyume mbele yake sokoni. Hakufungua tena, na mwaka huohuo shamba la chini likauzwa.

Hayo angeyasahau. Kilabu ni kilabu. Lakini alijua kwamba hakuna mtu wa nje aliyewahi kumwona akiigeuza picha ile. Nyumbani tulikuwa watatu: yeye, mkewe Isakki, na mimi. Mimi kwake nilikuwa mjane bubu anayefagia. Kwa hiyo akaamini ni Isakki aliyetoa maneno nje.

Kaka, tangu siku ile hakula kutoka mkono wa mkewe. Hakumpiga, hakumfukuza. Isakki alipika, mimi nikapakua, mimi nikamwekea jani la mgomba, sahani yetu, mbele yake. Alipohisi kwamba Isakki ndiye aliyepakua, aliinuka. Miaka kumi na moja, mpaka Isakki alipofariki mwaka arobaini na mbili.

Na Isakki alijua ni mimi. Nilitaka kusema, akanishika mkono jikoni. "Wewe ukifukuzwa hapa una pa kwenda?" akaniuliza. "Mimi angalau nina kwa mama. Nyamaza, chuja wali." Mama yake akafa mwaka uliofuata, na bado aliniambia ninyamaze.

Alipokufa mkono wangu ukakataa kuandika. Wewe uliulizauliza mbona Mpita Njia ametulia. Ndiyo hivyo.

Sasa kaka yangu ana miaka sabini na sita, haoni, na kila asubuhi namsomea gazeti. Mwaka jana niliposoma kwamba serikali imefungua tena vilabu vya tembo alicheka mpaka akalia. "Mwite yule Mpita Njia," akasema, "aje achukue mshahara wake!" Unataka nimwambie Mpita Njia ameketi hapa, anamkunia nazi?

Chukua jina, Kaka. Lishike. Umelizoea.

Anayeleta barua hii ni mke wa mfinyanzi, anakuja mjini kuuza vyungu. Usimwulize chochote, anapenda kujibu.

Dada yako,
Ulagammal

---

Palayamkottai,
21 Agosti 1972

Dada yangu Ulagammal,

Nakuamkia kwa kichwa kilichoinama. Barua yako niliisoma mara nyingi, na kama sikujibu kwa miezi miwili si kwa kudharau. Nilikuwa nimeamua kutii, na mtu anayetii hana mengi ya kuandika. Sasa inanipasa kukuomba radhi kwa sababu sikutii mpaka mwisho.

Nilikwenda kwenye sherehe nikiwa nimevaa khadi, vazi la pamba ambayo Jebamani aliisokota mwenyewe. Ukumbi ulijaa. Walinikalisha katikati, wakanivisha shada, na jalada la kitabu lenye jina langu likainuliwa juu. Hayo yote niliyavumilia. Kisha msichana mmoja wa shule, mwenye sauti safi kama ya kengele ya ibada, akasimama kusoma makala moja. Wangeweza kuchagua yoyote. Walichagua ya tisa.

Alipofika mahali pa ufagio, unapoeleza jinsi mwanga wa asubuhi unavyoingia na picha bado iko ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, watu walianza kulia. Mwenyekiti akanishika bega na kuninong'oneza, "Uliwezaje kuliona hilo, Mzee?"

Dada, mimi sijawahi kushika ufagio maishani mwangu. Jebamani angekuapia. Moyoni nilimwona Isakki akichuja wali, nikainuka.

Nikasema, "Hii sikuiandika mimi. Hakuna hata moja niliyoiandika. Nilitia sahihi tu."

Wakapiga makofi. Wakadhani ni unyenyekevu! Nikarudia. Bwana Thanikachalam akasimama, akacheka na watu, akasema, "Mzee wetu anatania." Nikarudia mara ya tatu, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani, na hapo vicheko vikakatika.

"Basi ni nani?" akauliza mtu wa nyuma.

"Nimeahidi kutosema."

"Ameahidi! Amekula miaka arobaini, leo ndipo anakumbuka ahadi!" akajibu mwingine, na nadhani alikuwa na haki.

Yaliyofuata utayasikia kwa wengine, kwa hiyo afadhali uyasikie kwangu. Gazeti la wilaya limeandika: MZEE AKANA KITABU CHAKE. Kamati wamekata karatasi, wakaibandika juu ya jina langu. Wana wa marehemu mchapaji wetu wamekuja kudai kwamba Mpita Njia alikuwa baba yao. Mchungaji wangu amenitembelea, akaniuliza kwa upole kama nalala vizuri. Nimemjibu kwamba nalala vizuri kuliko wakati wowote tangu mwaka thelathini na moja, naye akaondoka na wasiwasi zaidi.

Jina lako halikutoka kinywani mwangu, wala la kijiji. Lakini habari sasa iko mitaani, nami siwezi kuirudisha. Kama imekufikia vibaya, nisamehe. Nilidhani nikikataa heshima ambayo si yangu sitakuwa nimegusa siri ambayo ni yako. Mtu wa umri wangu alipaswa kujua zaidi.

Barua hii inakuja na kondakta wa basi la Sevalkulam, niliyemfundisha hesabu.

Kaka yako mwenye kukosa,
Vedamanikam

---

Sevalkulam,
4 Septemba 1972

Kaka,

Salamu. Nina haraka.

Gazeti lilipofika nililisoma kwa sauti kama kila siku, nikairuka habari yako. Nikasoma bei ya pamba mara mbili kujaza nafasi. Akasikiliza mpaka mwisho. Jioni akaenda kunyolewa, na kinyozi akamsomea yote kuanzia herufi ya kwanza.

Aliporudi aliketi kwenye jani lake. Alikula. Akaomba mchuzi zaidi. Kisha akasema, "Kwa hiyo yule mwalimu hakuandika."

Nikasema, "Nani anajua. Wazee husahau."

"Mimi ni mzee," akasema. "Sisahau."

Siku ya tatu akatangaza kwamba anakubali kupasuliwa macho. Miaka sita nimembembeleza, mbele ya daktari nimemlilia, akasema macho yake ni yake. Sasa ghafla anataka, na anataka katika hospitali ya misheni iliyoko huko kwenu. Nikasema nitakwenda naye nimuuguze. Akanijibu, "Wewe kaa na mbuzi." Atakwenda na kundi la wazee wanaochukuliwa na gari la hospitali.

Unajua anakuja kumtafuta nani.

Nimejaribu kufikiri nikuombe nini. Nikikuambia umdanganye, ni Isakki tena atakayebeba. Nikikuambia umwambie, sijui nitalala wapi. Nina miaka sitini na saba, na katika nyumba hii sina hata sufuria ninayoweza kuiita yangu. Nimechoka, Kaka. Ukinipa jina langu leo sijui nitaliweka wapi.

Fanya utakavyoona. Sitakulaumu.

Natuma kwa posta, ifike kabla yake.

Dada yako,
Ulagammal

---

Palayamkottai,
11 Oktoba 1972

Dada yangu mheshimiwa, Ulagammal,

Nakuamkia, na mara hii radhi ninayoiomba ni moja tu: kwamba wiki tano zimepita bila wewe kujua lolote. Nilitaka kuandika kila siku. Aliyenizuia ameketi hapa barazani kwangu sasa hivi, amevaa miwani mizito kama vitako vya chupa, anakunywa kahawa na kulalamika kwamba ni nyepesi.

Upasuaji ulikwenda salama, macho yote mawili. Alipofunguliwa kitambaa, muuguzi alimwonyesha vidole, akamwuliza ni vingapi. Akajibu, "Vitatu, na kimoja kinahitaji kukatwa kucha." Kutoka hospitali alikuja moja kwa moja hapa kwa miguu.

Sikumkaribisha vizuri, maana niliogopa. Alikaa. Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayetumia kitu kipya.

"Mimi ndiye mwenye kilabu," akasema.

"Najua, Kaka Nellaiyappan."

"Sikuja kuuliza nani aliandika. Nina swali moja, na wewe ni mtu wa kanisa, nijibu ndiyo au hapana. Mke wangu ndiye aliyetoa maneno nje?"

Dada, nilikuwa na muda wa pumzi moja tu. Nilijua nikisema hapana nimeshakutaja, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Nikasema, "Hapana. Isakki hakutoa neno."

Hakulia. Aliomba maji, akayashika bila kuyanywa. Kisha akaanza kuongea, si na mimi hasa.

"Miaka kumi na moja. Nilimkosea asiye na kosa, na mwenye kosa ndiye niliyempa jani langu ashike." Akazungusha bilauri mkononi. "Alikuwa anapika samaki wa mtoni kwa ukwaju. Nilikuwa nasikia harufu. Nilikuwa nakula kwa hasira."

Baadaye akataka kitabu. Nilimpa. Akakisogeza karibu na pua, akasoma makala ya tisa yote, akifuata kwa kidole. Ilimchukua muda mrefu kuliko msichana wa shule. Alipomaliza akasema, "Hii ya mtoto aliyeadhibiwa ni uongo. Picha ilikuwa kubwa mno." Kisha: "Ana mkono mzuri, mshenzi huyo."

Nikathubutu kumwuliza atafanya nini. Akanigeukia kwa ukali.

"Nifanye nini? Nimfukuze? Mimi sijui hata chumvi inakaa wapi nyumbani kwangu!"

Tangu hapo amelala hapa wiki tatu, kwa amri ya daktari, ili vumbi la kijijini lisimwingie. Tumegombana kuhusu kahawa, kuhusu Yesu, kuhusu serikali na vilabu vyake. Usiku husema na Isakki. Mimi husema na Jebamani. Hatusikilizani.

Hajakusamehe. Ameniagiza niandike hivyo, na niandike kwa wino mweusi. Anasema atakaporudi, upakue katika majani mawili, moja uliweke mahali pa Isakki, nawe ukae chini mkabala naye mle pamoja, jambo ambalo hujalifanya tangu ulipofiwa. Anasema ana maneno na wewe, na hayataisha siku moja.

Juzi Bwana Thanikachalam alipita, kama afanyavyo kila Jumatatu, kuniomba kwa mara nyingine jina la kuweka juu ya ile karatasi waliyobandika. Nilianza kusema kwamba nimeahidi. Kaka yako aliyekuwa akinyoa ndevu dirishani akauliza bila kugeuka, "Mnaandikaje majina katika vitabu vyenu? Mnaweka herufi ya baba?"

"Huwa tunaweka, Mzee."

"Basi muweke. Baba yetu alikuwa Sudalaimuthu. Msimwandike kama mtu aliyeokotwa njiani."

Akafuta sabuni mikononi, akaichukua kalamu yangu, na kwa herufi kubwa zinazopanda mlima akaandika: S. Ulagammal. Bwana Thanikachalam aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akafungua kinywa. Nikamwomba asiseme neno wala asichape kitu mpaka jibu lako lifike. Karatasi iko mezani kwangu, chini ya Biblia. Haitatoka hapo bila ruhusa yako, na safari hii nitaisubiri. Sitasema kesho badala yako.

Sikumwuliza kama bado utakuwa na pa kulala. Nadhani ndiyo, ila mwenyewe utaona atakaposhuka basi.

Bahasha sikuifunga, kwa kuwa amekataza; anasema sasa anaona, ataisoma njiani. Barua hii anaichukua kaka yako, Nellaiyappan, kwa basi la saa nane.

Kaka yako,
Vedamanikam